Namna ya kuandika historia ya kampuni ndogo ya mieleka, tukitumia ECW ya Philadelphia

Mieleka ya burudani huacha nyuma historia mbili. Moja ni ya ulingoni: nani alimpiga nani, nani alinyang'anywa mkanda wa ubingwa, nani alimgeuka mwenzake. Nyingine ni ya ofisini: nani alikuwa mmiliki, nani aliamua mshindi kabla kengele haijalia, nani alilipwa na nani anadai hadi leo. Zote mbili zina uzito, maana tiketi ziliuzwa kwa sababu ya ile ya kwanza na kampuni ikafa kwa sababu ya ile ya pili. Makosa mengi yanayosomwa leo yanatokana na mwandishi kuzitia zote katika chungu kimoja.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika sentensi yoyote, fungua majedwali mawili na uyaite kwa majina yao: ULINGO na OFISI. Habari ikiingia, amua kwanza ni ya jedwali lipi. Ikiwa hujui, iweke kando hadi ujue.

Mfano tunaoutumia hapa ni ECW (Extreme Championship Wrestling), kampuni ya mieleka ya Philadelphia, Marekani. Ilianza kwenye baa mwaka 1992, ikapata televisheni ya kitaifa 1999, ikafilisika 2001. Wengi Afrika Mashariki wanaijua kupitia WWE (zamani WWF) tu, kampuni iliyonunua mali zake baadaye. Tumeichagua kwa sababu karibu kila mtego unaomkabili mwandishi wa historia za namna hii umo ndani yake.

Jedwali la ULINGO

Tumia Excel au LibreOffice. Kila pambano lipate mstari wake mwenyewe. Usiweke onyesho zima katika mstari mmoja, utajuta siku ya kutafuta jina. Safu zinazohitajika ni hizi: tarehe, siku ya juma, mji, ukumbi, nambari ya pambano katika onyesho, washiriki, matokeo, dakika, mkanda uliogombewa, tarehe ya kurushwa hewani, watazamaji, chanzo, na kiwango cha uhakika.

Tarehe ziandikwe kwa kuanza na mwaka: 1993-04-06. Hili si pambo. Wamarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 4/6/93 kwenye gazeti lao ni 6 Aprili 1993, siku ECW ilipoanza kuonekana kwenye kituo cha televisheni cha SportsChannel Philadelphia. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam ataisoma kama 4 Juni, na kosa hilo likishaingia kwenye jedwali halionekani tena, maana 4 Juni ni tarehe halali kabisa.

Uhakika tunaupanga kwa herufi tatu. A ni kitu ulichokiona mwenyewe kwenye video isiyokatwa au hati rasmi. B ni ripoti iliyoandikwa ndani ya wiki ileile. C ni kumbukumbu za baadaye, au orodha isiyotaja ilikopata habari. Orodha za mtandaoni nyingi ni C hata zikiwa zimepangwa vizuri. Zinanakiliana, na orodha 5 zinazokubaliana zinaweza kuwa kosa la mtu mmoja.

Kisha fanya jaribio la siku ya juma kwa kila tarehe. Kompyuta itakupa siku yenyewe kwa fomula moja. 27 Agosti 1994 ilikuwa Jumamosi. 13 Aprili 1997, siku ya onyesho la kwanza la ECW la televisheni ya kulipia (mtazamaji hulipia onyesho hilo moja), ilikuwa Jumapili. Shahidi akikuambia "Jumapili tarehe 27 Agosti 1994", kimoja kati ya vitu viwili hakiko sawa. Mara nyingi siku ya juma ndiyo ya kuaminiwa, kwa sababu mtu hukumbuka kama kesho yake alikwenda kazini au la, lakini nambari ya tarehe huisoma baadaye mahali fulani.

Mtego mwingine ni tarehe ya kurekodi dhidi ya tarehe ya kurusha. Kipindi cha televisheni cha kampuni ndogo hukatwa kutoka kwenye maonyesho ya siku au wiki zilizopita, na onyesho moja linaweza kulisha vipindi kadhaa. Bingwa hubadilika siku ya ukumbini. Tarehe ya hewani ina safu yake, isihamie kwingine.

Kampuni ilianza lini?

Swali hili huonekana jepesi. Kwa ECW majibu yanayosambaa ni matatu, na kila moja lina mantiki yake.

Philadelphia ilikuwa na kampuni nyingine kabla yake, Tri-State Wrestling Alliance ya Joel Goodhart, iliyosambaratika mwanzoni mwa 1992. Tod Gordon, mfanyabiashara wa vito na mikopo ya rehani, alichukua nafasi iliyoachwa wazi na kuanzisha Eastern Championship Wrestling. Onyesho la kwanza lilikuwa 25 Februari 1992, kwenye baa ya michezo mjini humo. Mwaka uliofuata ikajiunga na NWA, muungano wa mapromota wa majimbo uliokuwapo tangu 1948. Mwishoni mwa Agosti 1994 neno Eastern likaondolewa, likaja Extreme.

Anayependa ghasia na damu atakuambia ECW ilizaliwa 1994. Sisi tunasema 1992: ofisi ni ileile, mmiliki ni yuleyule, mikanda ni ileile. Kanuni ya kutumia kwa kampuni yoyote ni hii: fuata umiliki na daftari la malipo, usifuate jina lililo kwenye bango. Kwa kanuni hiyohiyo, Tri-State si ECW, hata kama mashabiki na baadhi ya wanamieleka walihama pamoja.

Na hapa rekebisha kosa linalorudiwa mno. Paul Heyman hakuanzisha ECW. Mpangaji mkuu wa mapambano kabla yake alikuwa Eddie Gilbert. Heyman alishika kazi hiyo Septemba 1993, umiliki ukamfikia baadaye. Mwanzilishi, mmiliki na mpangaji ni vyeo vitatu. Vipe safu tatu kwenye jedwali la OFISI, kila kimoja na tarehe ya kuanza na ya kuisha.

Mlolongo wa mabingwa

Hapa ndipo kazi ilipo hasa, na ndipo wasomaji watakapokuja kukusahihisha. Kwa kila kipindi cha ubingwa andika: bingwa, aliyemtangulia, tarehe, mji, ukumbi, namna ya ushindi, na maelezo ya ofisini kwa nini mkanda ulihama. Hilo la mwisho ndilo wengi huliacha.

Bingwa wa kwanza wa uzani mzito wa ECW ni Jimmy Snuka, 25 Aprili 1992, alipomshinda Salvatore Bellomo. Hakuna shida. Shida inaanza na Shane Douglas.

Douglas alimpokonya Terry Funk mkanda wa ECW tarehe 26 Machi 1994. Miezi mitano baadaye, 27 Agosti 1994, kulifanyika ukumbini ECW Arena mashindano ya kumpata bingwa wa dunia wa NWA. Douglas akamshinda 2 Cold Scorpio kwenye fainali, akautupa chini mkanda wa NWA, na kutangaza kwamba mkanda wa ECW ndio wa dunia. Alikaa na ubingwa hadi 15 Aprili 1995, Sandman alipomshinda. Je, alikuwa bingwa kwa siku ngapi? Ukianzia Machi ni 385. Ukianzia usiku wa tangazo ni 231. Majibu yote mawili yanasambaa, na mara nyingi wanaobishana hawajui kwamba wanahesabu kutoka sehemu tofauti. Andika 385, kwa sababu mkanda haukutoka mikononi mwake, kisha weka maelezo kwamba hadhi ya "dunia" ilitangazwa 27 Agosti. Ubingwa wake mrefu zaidi ni mwingine kabisa: 30 Novemba 1997 hadi 10 Januari 1999, siku 406.

Angalia usiku huohuo wa Agosti ulivyogawanyika kwenye majedwali. ULINGO: Douglas alishinda, akaukataa ubingwa wa NWA. OFISI: Gordon, Heyman na Douglas walikuwa wamekubaliana mapema, na viongozi wa NWA hawakuambiwa. NWA ikalazimika kuandaa mashindano mengine, na Chris Candido akayashinda tarehe 19 Novemba 1994 huko Cherry Hill, New Jersey. Ukiandika "Douglas kwa hasira aliutupa mkanda", umeandika sentensi ya mtangazaji, si ya mwanahistoria.

Mfano wa pili ni wa Aprili 2000, na hauwezekani kuueleza kwa jedwali moja. Mike Awesome, bingwa wa ECW, alitokea kwenye televisheni ya WCW, kampuni shindani, Jumatatu tarehe 10 bila kuupoteza mkanda kwanza. Baada ya mawakili kuzungumza, alirudi Alhamisi tarehe 13, Indianapolis, akashindwa na Tazz. Lakini Tazz naye alikuwa tayari ameajiriwa na WWF. Yaani mfanyakazi wa WCW alipoteza mkanda wa ECW kwa mfanyakazi wa WWF. Siku 9 baadaye, tarehe 22, ndani ya ECW Arena, Tazz akaupoteza mkanda kwa Tommy Dreamer, na Dreamer akaupoteza kwa Justin Credible usiku uleule. Msomaji wa ULINGO peke yake ataona mikanda inaruka ovyo. Safu ya sababu ndiyo inayompa picha.

Ubingwa wa dakika chache usiufute. Tarehe 7 Januari 2001 Sandman alitwaa mkanda wa dunia, na kabla hajapumua Rhino akamshinda. Kwa tarehe ni siku 0, lakini ni kipindi kamili cha ubingwa na Rhino ndiye wa mwisho. Andika "chini ya siku 1".

Kuhesabu siku iachie kompyuta: toa tarehe ya kuanza kutoka ya kumaliza, usiongeze 1. Rob Van Dam alishika ubingwa wa televisheni kuanzia 4 Aprili 1998 hadi 4 Machi 2000, alipouacha baada ya kuumia mguu. Hizo ni siku 700 kamili. Anayehesabu kwa vidole hupata 699, kwa sababu amesahau kwamba 2000 ulikuwa mwaka mrefu na 29 Februari ilikuwamo.

Magazeti yapi yanajaza jedwali lipi

Pro Wrestling Illustrated, linalotoka tangu 1979, kwa miaka mingi liliripoti mapambano kana kwamba hakuna aliyepanga matokeo. Ni hazina kwa ULINGO, hasa matokeo, picha na orodha za mabingwa, lakini ukilitumia kueleza kwa nini mtu aliondoka utapata hadithi tu. Wrestling Observer Newsletter la Dave Meltzer na Pro Wrestling Torch la Wade Keller yaliandika ya ofisini: mishahara, mikataba, idadi ya watu. Yana udhaifu wake pia. Habari zao za ndani zilitoka kwa watu wenye maslahi, kwa hiyo jiulize kila mara ni nani angefaidika habari hiyo ikichapishwa. Ripoti ya onyesho iliyotumwa na shabiki aliyekuwapo huwa B safi kwa matokeo, na C kwa hesabu ya watu.

Watazamaji

Promota huongeza, mpinzani wake hupunguza, mwanamieleka hukumbuka ukumbi umejaa. Pima ukumbi mwenyewe.

ECW Arena ilikuwa ukumbi wa bingo kusini mwa Philadelphia, kwenye kona ya mitaa ya Swanson na Ritner, karibu chini kabisa ya barabara kuu ya I-95. Kwa ukumbi wa aina hiyo hesabu huwa hivi. Ulingo wa futi 18 ni kama mita 5.5 kila upande. Ongeza mita 2 za nafasi kila upande hadi kwenye vizuizi, unapata mraba wa mita 9.5, yaani mita za mraba 90 hivi. Chukua ukumbi wa mita 25 kwa 30: jumla 750. Toa 90 za ulingo, toa kama 60 za pazia la kuingilia na meza za fulana. Zinabaki 600. Viti vya kukunja pamoja na njia za kupita hula takriban mita za mraba 0.65 kwa mtu mmoja, kwa hiyo watu 920. Wasimamao ukutani wakiongezwa, utafika elfu moja na kidogo. Mtu akikuambia elfu tatu katika ukumbi kama huo, muulize walisimama wapi.

Tofautisha walioingia na waliolipa. Tiketi za bure hutolewa kujaza viti mbele ya kamera, na mapato ya mlangoni hayatalingana na umati unaouona. Andika nambari zote mbili ukizipata. Ukipata moja, sema ni ipi.

Fedha na mahakama

Kampuni za mieleka huandikishwa kwa jina lisilo la ulingoni. ECW kisheria ilikuwa HHG Corporation. Anayetafuta "ECW" peke yake kwenye orodha za kesi hupitwa na faili lenyewe. Jina la kisheria hupatikana chini kabisa ya mikataba, kwenye maandishi madogo ya majalada ya kanda, au kwenye usajili wa alama ya biashara.

Kesi za kufilisika Marekani ni za mahakama za shirikisho, na hati zake hutafutwa kupitia mfumo uitwao PACER, senti 10 kwa ukurasa. Mafaili ya zamani mara nyingi hayajaingizwa mtandaoni. Utapata orodha ya hati na nambari ya kesi, kisha unaomba nakala. Anza na orodha ya mali na madeni, halafu madai yaliyowasilishwa na wadai. Ya kwanza ni makadirio ya mdaiwa, ya pili ni madai ya upande wa pili, na mara chache hulingana.

ECW iliomba ulinzi wa kufilisika 4 Aprili 2001. Mali: dola 1,385,500. Madeni: dola 8,881,435.17, zaidi ya mara 6. Lakini usiishie kwenye jumla, soma mistari. Katika mali hizo, dola 860,000 ni fedha ambazo kampuni yenyewe ilikuwa inadai wengine, akiwamo msambazaji wa televisheni ya kulipia na watengenezaji wa michezo ya kompyuta na vinyago. Maktaba ya kanda ilikadiriwa dola 500,000. Kilichobaki ni gari la mizigo, fulana na vitu vidogo. Maana yake ni kwamba asilimia 62 ya mali ilikuwa mikononi mwa watu wengine, huku wanamieleka wakisubiri: Rob Van Dam aliorodheshwa akidai dola 150,000. Hapo ndipo unapoona kwa nini kampuni yenye mashabiki inaweza kufa. Mapato ya onyesho la kulipia huchelewa miezi, ilhali tiketi za ndege na kodi ya ukumbi hulipwa leo.

Sababu moja haitoshi kamwe. Kwa ECW weka angalau tatu kando kwa kando: kuchelewa kwa fedha hizo, kupokonywa wanamieleka na WWF na WCW, na kipindi chake kwenye kituo cha televisheni cha TNN kilichodumu tangu 27 Agosti 1999 hadi 6 Oktoba 2000 tu.

Tarehe ya mwisho nayo ichaguliwe wazi. Onyesho la mwisho la kulipia ni 7 Januari 2001, New York. Onyesho la mwisho kabisa ni 13 Januari, Pine Bluff, Arkansas. WWE ilinunua mali 2003, na kipindi cha ECW ilichokiendesha kati ya 2006 na 2010 ni bidhaa ya kampuni nyingine. Kifungie katika sura yake. Usiunganishe mlolongo wa mabingwa bila kuonyesha pengo.

Mahojiano

Ukimuuliza mwanamieleka pambano lake bora, atakupa hadithi aliyoisimulia mara 200. Muulize alilala wapi, walikuwa wangapi kwenye gari, nani alimkabidhi bahasha, ilikuwa taslimu au hundi, na hundi ilipita benki? Maswali ya nauli humtoa mtu ulingoni bila kumvunjia heshima. Omba kuona shajara, risiti, tiketi za ndege. Usimwonyeshe tarehe zako mwanzoni, atakubaliana nazo tu. Zungumza pia na waamuzi, wajenga ulingo na wauza fulana. Hawana sifa ya kulinda.

Kwa kampuni zisizo na karatasi nyingi, kama zile za catch, yaani mieleka ya Kinshasa, ambako wanamieleka hupita mitaani kwa gwaride kutangaza pambano, picha za gwaride na mabango ya kuchorwa kwa mkono ndiyo kumbukumbu yako. Piga picha ya bango zima, pamoja na pembe zake, kwa sababu jina la mchapishaji au mchoraji huwa pembeni.

Majeruhi na kesi za jinai zinahitaji uangalifu. Novemba 1996 huko Revere, Massachusetts, ECW ilimpandisha ulingoni kijana wa miaka 17 aliyedanganya umri, akakatwa vibaya usoni, na tukio hilo karibu liipokonye kampuni nafasi ya televisheni ya kulipia. Andika kilichothibitishwa mahakamani, eleza athari kwa kampuni, na jina la kijana liache.

Kanda

Kanda za Marekani ni za mfumo wa picha za televisheni uitwao NTSC. Deki nyingi za zamani za Afrika Mashariki ni za mfumo mwingine, PAL. Nyingine zitaicheza NTSC kwenye televisheni, lakini mawimbi yanayotoka si NTSC halisi na kifaa cha kunasa kitakupa picha ya kuruka au isiyo na rangi. Tafuta deki inayotoa NTSC ya kweli. Nasa kwa fremu 29.97, bila kubana kwa hasara, katika muundo wa video wa FFV1 ukiweza, na usiondoe mpishano wa mistari ya picha (deinterlace) wakati wa kunasa. Hilo lifanywe kwenye nakala. Kanda yenye unga mweupe ukingoni ni ya ukungu: usiiingize kwenye deki, itachafua vichwa na kuambukiza kanda nyingine. Itenge ndani ya mfuko na umpe mtaalamu.

Video rasmi zilizotolewa baadaye nazo zichunguzwe. ECW ilitumia nyimbo maarufu kuwaingiza wanamieleka, na kwa sababu ya haki za muziki matoleo ya WWE mara nyingi yamewekewa muziki mwingine, hivyo kelele za umati na maneno ya mtangazaji Joey Styles yanaweza kuwa yameguswa. Toleo kama hilo ni A kwa matokeo ikiwa pambano halikukatwa, lakini sauti yake usiipe A. Ukipata kanda ya shabiki ya onyesho lilelile, zilinganishe kwa saa, pambano kwa pambano, na andika kila palipokatwa.